Shajara ya IST ya mjomba: nyeupe kwa nyeupe, nyeusi kwa nyeusi

Jumamosi, 7 Juni

Mjomba kafika Kabwe, hapa Mbeya, saa nne asubuhi kutoka Tukuyu, mikungu sita ya ndizi nyuma, lawama mbele. Sijamaliza hata kumwamkia akaanza: "Mpwa wangu, hii gari imekuwa mlevi. Zamani mafuta ya elfu hamsini yananileta Mbeya, yananirudisha, na kesho yake naendea shamba. Siku hizi nikirudi tu nyumbani mshale umelala."

Taa ya cheki injini inawaka tangu Aprili. Aliipeleka gereji moja, wakamwambia oksijeni sensa (kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi) imekufa, wakamwekea nyingine ya mtumba. Taa ikazima siku mbili, ikarudi. Alipoenda kulalamika wakamwambia gari za zamani ndivyo zilivyo, azoee.

Mimi ni fundi simu, si fundi magari. Nilichonacho ni multimita nzuri, kisomaji kidogo cha ELM327 kinachosoma kompyuta ya gari na kuongea na simu kwa Bluetooth, na ukaidi. Mjomba kaniachia ufunguo na pesa ya kujaza tanki, kapanda kosta kurudi. "Usiifungue injini," ndilo neno la mwisho aliloniachia.

Gari ni Toyota IST ya 2003, injini 1NZ-FE, cc 1,496. Niliyoyaona leo:

Nimepitisha kidole ndani ya mdomo wa ekzosi, kikatoka cheusi kama nimefuta chungu cha kuni. Harufu ya petroli ipo hata baada ya injini kupata moto. Kisomaji kilikataa mara mbili kuunganika mpaka nikachagua itifaki kwa mkono. Gari za soko la Japani za miaka ile zina ubishi wake. Kilipokubali kikatoa kodi (alama za hitilafu) mbili: P0135, yaani saketi ya hita ya sensa ya mbele ina hitilafu, na P0171, yaani mchanganyiko una hewa nyingi na mafuta machache.

Hiyo ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi. Mafuta machache? Na masizi haya? Kompyuta inalia njaa, bomba linacheua.

Nimejaza tanki hadi juu na kuandika kilomita, ili nipate kipimo cha kuanzia.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya ibada nimekaa na daftari. Ninaandika ninavyoielewa sensa hii, nikikosea nijue nilikosea wapi.

Ni pua. Imepenyezwa kwenye bomba la moshi, ndani ina kikombe kidogo cha kauri ya zirkonia. Upande mmoja wa kauri unagusa moshi, upande wa pili unagusa hewa ya kawaida ya nje. Ikishapata joto, kama nyuzi 300 na zaidi, tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili inazaa umeme kidogo. Moshi ukiwa na mafuta mengi hauna oksijeni ya kubaki, sensa inatoa karibu volti 0.9. Mafuta yakipungua, oksijeni inabaki kwenye moshi, volti inashuka hadi 0.1 hivi. Mahali pa katikati ni pale ambapo kilo moja ya petroli inakutana na kilo 14.7 za hewa. Kompyuta inasoma volti hiyo: ikiwa juu inapunguza mafuta, ikiwa chini inaongeza, kwa hiyo kwenye gari lisilo na hitilafu volti haitulii, inapanda na kushuka muda wote. Bosch walianza kuzitengeneza kiwandani mwaka 1976, gari za kwanza zikiwa Volvo, kwa hiyo si kitu kigeni kama watu wa mtaani wanavyokiogopa.

Hita imo ndani kwa sababu moja tu: pua ya baridi hainusi. Ukiwasha gari asubuhi, hita inaipasha sensa mapema badala ya kungoja moshi wenyewe uipashe.

Basi nadharia yangu ya leo ni hii. Hita imekufa. Mbeya ni Juni, asubuhi ukitema mate unaona mvuke. Sensa inachelewa kupata joto, kompyuta inaendesha kwa kukisia, na ikikisia inamwaga mafuta. Kama ndivyo, safari ndefu ya mlima lazima iiponye: moshi wa moto wa kupanda utaipasha sensa bila msaada wa hita, na volti itaanza kucheza.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda na kijana wangu wa dukani. Uyole, Igawilo, hadi Isyonje kwenye viazi na ukungu. Mimi usukani, yeye simu, kazi yake kunisomea volti kwa sauti.

"Sifuri."
Igawilo. "Sifuri."
Mlima umekaza, gia ya chini, injini inanguruma, bomba lote la moshi bila shaka linachemka. "Sifuri nukta sifuri mbili. Sifuri. Kaka, simu yako imeganda."

Haikuganda. Mzunguko wa injini ulikuwa unabadilika kwenye kioo kilekile, joto la maji nalo. Ni volti ya sensa tu iliyolala chini kama maiti. Na masahihisho ya mafuta: ya papo hapo asilimia 20 juu, ya muda mrefu nayo yamepanda hadi karibu hapohapo. Yaani kompyuta inaambiwa "mafuta hayatoshi", inaongeza, inaambiwa tena, inaongeza tena, mpaka imefika ukutani.

Nadharia ya Jumapili imekufa Isyonje. Hita inaweza kuwa mbovu, lakini si hita peke yake. Tumenunua ndoo ya viazi ili safari isiwe hasara.

Jumatano, 11 Juni

Siku ya washauri. Ukifungua boneti Kabwe unapata madaktari saba kabla hujashika spana.

Wa kwanza: toa masega (kile kisafisha moshi ndani ya bomba), gari ipumue. Moshi unafika kwenye masega baada ya kuipita sensa hii, hayana uwezo wa kuifanya iseme sifuri, na mimi siyatoi masega ya mtu kwa kubahatisha.

Wa pili alikuwa na hoja ya maana zaidi. Kasema Mbeya iko juu, hewa nyepesi, gari za Dar zikija huku zinachanganyikiwa. Ni kweli tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni nyembamba. Ingekuwa kabureta ningemkubalia moja kwa moja. Lakini injini hii ina kipimo cha hewa kwenye njia ya ea klina, na kinapima uzito wa hewa inayoingia, si ujazo. Hewa ikiwa nyepesi inahesabiwa nyepesi. Tena hewa nyembamba ingezidisha mafuta, na sensa ingepiga kelele za "yamezidi", si hizi.

Wa tatu: badilisha sensa. Nikamwambia imeshabadilishwa. Akasema badilisha tena.

Nimefanya majaribio mawili kabla ya giza. Moja, nimeziba mdomo wa ekzosi kwa tambara nene injini ikiwa inawaka, kijana akasikiliza kuanzia manifoldi hadi kwenye sensa. Bomba likivuja kabla ya sensa linanyonya hewa ya nje, sensa inanusa oksijeni ya bure na kudanganyika. Hakuna mlio wa upepo, hakuna masizi kwenye gasketi. Mbili, nimepulizia dawa ya kusafishia kabureta kidogo kwenye mdomo wa ea klina. Injini ikazama, ikakohoa, ikataka kuzima kwa kuzidiwa. Pua yoyote iliyo hai ingeruka hadi 0.8. Kwenye simu: 0.01.

Kwa hiyo kompyuta haidanganywi na moshi. Inadanganywa na sensa au na waya. Mpaka sasa sijatumia spana hata moja, na nina furaha nayo.

Jumamosi, 14 Juni

Leo ndiyo siku.

Kwenye 1NZ-FE ekzosi iko nyuma ya injini, upande wa ukuta wa kabini, kwa hiyo kuifikia soketi ya sensa ni kuinama kama unatafuta shilingi chini ya kitanda. Nimeichomoa gari likiwa baridi, swichi imezimwa. Soketi ina nyaya nne. Upande wa sensa, karibu na soketi, rangi ni zile za Denso, kampuni iliyotengeneza sensa ya asili: nyeusi mbili, bluu, nyeupe. Nyeusi mbili ni za hita. Bluu ni ishara. Nyeupe ni ethi (upande wa hasi) ya ishara.

Kwanza upande wa gari. Swichi ikiwa imewashwa, tundu moja la hita lina volti 12 na kidogo. Umeme unafika, fyuzi na relei hazina kesi.

Kisha upande wa sensa. Hita nzima ya aina hii ikiwa baridi inatakiwa isome om 11 hadi 16. Nikaweka ncha za multimita kwenye nyeusi na nyeusi. Hakuna kitu, saketi wazi. Sawa, hita imekatika, P0135 imepata maelezo. Nilikuwa nishaanza kurudisha vifaa kwenye mkoba.

Kwa mazoea tu ya kazi yangu, maana kwenye simu huwa tunapima kila pini hata ile isiyohusika, nikagusa bluu na nyeupe. Hapo panatakiwa pawe wazi kabisa, kwa sababu kauri ikiwa baridi haipitishi umeme.

13.4.

Nikazitoa ncha, nikazifuta kwenye suruali, nikarudia. 13.4. Nikamwita kijana asome yeye, nisije nikawa naona ninachotaka. "Kumi na tatu nukta nne, kaka. Ni mbaya?"

Si mbaya. Ni hita. Hita nzima, yenye afya, imekaa kwenye nyaya za ishara.

Nimejaza mafuta jioni: kilomita 96 tangu Jumamosi iliyopita, lita 12.4. Kilomita 7.7 kwa lita, kwa gari dogo kama hili.

Jumapili, 15 Juni

Nimefuata nyaya kutoka kwenye soketi kushuka kwenye sensa. Robo tatu ya njia kuna uvimbe wa tepu nyeusi, mnene kama kidole gumba. Nimeufungua taratibu na wembe. Ndani, nyaya zimesokotwa kwa mkono, shaba kwa shaba, bila kitu kingine.

Walichofanya ni hiki. Sensa ya zamani ya Denso waliikata wakabakiza soketi yake na kipande cha waya. Sensa ya mtumba waliyoipata ilikuwa ya kampuni nyingine, ambayo rangi zake hazifuati za Denso: kwake nyeupe mbili ndizo hita, nyeusi ni ishara, kijivu ni ethi. Aliyeunga akaunga kama mtu anayepanga soksi. Nyeupe kwa nyeupe. Nyeusi kwa nyeusi. Zilizobaki zikaozeshwa: kijivu kwa nyeusi ya pili, nyeupe ya pili kwa bluu.

Sasa soma matokeo. Hita ya sensa imekaa kati ya ishara na ethi, ni waya tu wenye om 13. Hauzalishi chochote, unaivuta ishara hadi ethi, kompyuta inaona sifuri daima. Sifuri kwake maana yake mafuta hayatoshi, basi inamwaga. Ndiyo P0171, na ndiyo masizi. Upande wa pili, pale kompyuta inapotuma umeme wa hita, imekuta kauri badala ya hita. Kauri baridi haipitishi, hakuna umeme unaotembea, ndiyo P0135. Kodi zote mbili zilisema kweli tupu, na sensa ya mjomba haikuwahi kupewa nafasi ya kusema hata neno moja.

Nilikasirika mpaka chai ikapoa. Kukosea rangi naelewa, mimi mwenyewe nimewahi kugeuza betri ya mteja. Lakini taa iliporudi baada ya siku mbili, mtu alitakiwa angalau afungue ile tepu.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeziunga upya kama zinavyotakiwa: nyeupe mbili kwa nyeusi mbili (hita haina chanya wala hasi, yoyote kwa yoyote), nyeusi kwa bluu, kijivu kwa nyeupe.

Mikono ya fundi simu inawasha kutaka kuchomea kwa risasi kila penye shaba mbili. Nimejizuia. Sensa nyingi za aina hii zinavuta ile hewa yake ya nje kupitia ndani ya waya, katikati ya nyuzi za shaba. Ukiijaza risasi au grisi unaweza kuiziba pumzi. Nimetumia viungo vya kubana kwa koleo, juu yake mpira wa kusinyaa kwa joto.

Matokeo: hita inafanya kazi, P0135 haikurudi. Volti imeamka, lakini ni mgonjwa. Inapanda hadi 0.6, inakaa, inafikiria, inashuka hadi 0.3. Nimeshika resi kwenye mizunguko 2,500 nikahesabu sekunde kumi: imevuka katikati mara mbili. Nzima inatakiwa ivuke mara nane au zaidi. Kauri imekaa miezi miwili ikipigwa volti 12 kwenye moshi wa moto, huku ikipakwa masizi. Siishangai.

Nimempigia mjomba nikamwambia tatizo limepatikana ila sensa inunuliwe. Kimya kirefu. "Ileile waliyobadilisha?" Ndiyo mjomba, ileile. Kimya tena. "Tuma namba."

Jumamosi, 21 Juni

Mwanjelwa, kwenye spea za mtumba. Mpya ya Denso niliyoulizia ilikuwa zaidi ya uwezo wa mkungu wa ndizi. Za mtumba zipo kwenye ndoo, zimelala kama kambare, nyaya zimesukana. Bei ya kuanzia elfu hamsini.

Nimetaka yenye soketi yake mwenyewe, nyeusi mbili, bluu na nyeupe, isiyokatwa popote. Zimepatikana tatu. Nikamwambia muuzaji nazipima kabla ya kulipa. Akacheka: "Utaipimaje bila gari?"

Hita kwanza, hapohapo kaunta. Ya kwanza saketi wazi, ikarudi kwenye ndoo. Ya pili om 12.8, ya tatu 13.1. Lakini hita nzima haimaanishi pua nzima. Kuna sonara milango miwili mbele, nikamwomba moto wake wa gesi kwa dakika tano. Nimeishika sensa kwa koleo, ncha ndani ya moto, multimita kwenye bluu na nyeupe. Ndani ya ulimi wa moto oksijeni imekwisha, kwa hiyo ncha ikiiva inatakiwa ipande, na ukiiondoa motoni ishuke haraka.

Ya pili ikaiva hadi ikawa nyekundu. 0.2, 0.25, basi. Mzoga.

Ya tatu ilichukua kama dakika moja. 0.3. 0.6. Kisha 0.86, na imekaa pale. Nikaichomoa kwenye moto, namba zikaporomoka kabla sijapepesa. Nikairudisha, ikapanda. Sonara alikuwa ameacha pete ya mteja, anaangalia. Muuzaji naye amesogea, hacheki tena. "Kaka," akasema, "hiyo ya pili usimwambie mtu."

Ya tatu imetoka kwa elfu arobaini na tano. Sonara hakutaka pesa, alitaka kujua kama multimita inaweza kupima dhahabu.

Jumapili, 22 Juni

Kutoa sensa ya zamani: injini imepashwa moto dakika kumi, mafuta ya kulegeza kutu kwenye hesi, subira, spana ya pete namba 22. Waya nimeukata ili pete ipite. Imelia mara moja kama mlango wa kanisa la zamani, ikatoka. Hesi za bomba zimebaki nzima, ashukuriwe Mungu, maana huko nyuma hakuna nafasi ya kuzichonga upya.

Mpya (mpya kwetu) imepakwa grisi ya kuzuia kukwama kwenye hesi tu, ncha haikuguswa. Imekazwa imara bila hasira. Waya umefungwa mbali na bomba.

Plagi zote nne zilikuwa nyeusi kavu, nimezisafisha. Oili ilinuka petroli, nimeimwaga na kuweka nyingine na chujio lake. Petroli ikizidi hupita kwenye ringi na kuipunguza oili nguvu, na hilo mjomba asingelijua mpaka injini imgongee.

Nimefuta kodi, nikawasha. Sekunde kama arobaini volti imekaa, halafu ikaanza: 0.8, 0.1, 0.7, 0.2. Kwenye mizunguko 2,500 nimehesabu mara kumi na moja kwa sekunde kumi. Kijana akaniuliza kwa nini nacheka peke yangu.

Jumamosi, 28 Juni

Mjomba alichukua gari Jumatatu tanki likiwa limejaa, leo karudi nalo. Kilomita 148, Tukuyu na kurudi na mizunguko midogo. Kujaza kumekula lita 11.6, yaani 12.8 kwa lita. Njia hizi mbili hazifanani, wiki ile nilizunguka sana mjini, kwa hiyo kulinganisha kuna kasoro. Hata hivyo pengo ni kubwa mno kuwa la barabara. Masahihisho ya muda mrefu yamerudi asilimia 3. Hakuna kodi, hakuna taa. Kidole ndani ya ekzosi kimetoka na vumbi la kijivu.

Nimemwonyesha mjomba kile kipande cha nyaya zilizosokotwa, nimekihifadhi kwenye kopo. Kakigeuza, kakitazama rangi, kasema: "Lakini hata mimi ningeunga hivi."

Kisha akauliza ile elfu tano iliyobaki kwenye pesa ya sensa iko wapi. Nimemwambia ni ya dawa ya kabureta na mipira ya kusinyaa. Kaniachia mkungu mmoja wa ndizi, mdogo kuliko yote.